Mshumaa wa Nta Yenye Harufu Nzuri: Kazi ya Mikono na Somo la Sayansi

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una misitu mikubwa ya miombo, na warina asali wa Inyonga na wa vijiji vya Mpanda hutundika humo mizinga yao ya magome na ya magogo. Asali huuzwa, lakini masega yaliyokwisha kukamuliwa mara nyingi hutupwa. Katika masega hayo imo nta, nayo ni kifaa cha kufundishia kisichohitaji fedha nyingi.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Machi 1967, ilikusudiwa kazi na masomo viende pamoja. Hata hivyo, shule nyingi zilivitenga: watoto walifanya kazi jioni, wakasoma asubuhi, na moja halikulisaidia la pili. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kuviunganisha.

Swali la kuanzia

Kabla ya kugusa kifaa chochote, tuwaulize wanafunzi: katika mshumaa uwakao, kinachoungua ni utambi au ni nta? Wengi watasema utambi. Tuyaandike majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha.

Siku ya kwanza: kusafisha nta

Masega yatiwe katika mfuko wa kitambaa, yachemshwe kwa maji ndani ya sufuria ya alumini, kwani chungu cha chuma huitia nta weusi. Mfuko ukandamizwe kwa kijiti. Nta huelea, na ikipoa usiku kucha hugandamana juu ya maji. Asubuhi wanafunzi wakwangue takataka zilizoshika upande wa chini.

Siku ya pili: kumimina katika kalibu

Kipande cha mwanzi cha sentimita 15 kipasuliwe kwa urefu, kipakwe maji ya sabuni ndani, kikauke, kisha kifungwe tena kwa kamba na kuzibwa chini kwa udongo wa mfinyanzi. Utambi uwe wa nyuzi tatu za pamba zilizosukwa na kuchovywa katika nta, nailoni haifai. Uning'inizwe katikati kwa kijiti.

Nta iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Huyeyuka penye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Iondolewe motoni, yatiwe matone machache ya mafuta ya karafuu, ikorogwe na kumiminwa. Karafuu zilizosagwa zisitumike, maana unga huziba utambi. Asiye na mafuta aloweke majani ya mchaichai yaliyokauka kabisa katika nta ya moto kwa saa moja, kisha achuje. Harufu yake itakuwa ya upole. Nta ikipoa hunywea na kufanya shimo juu. Tusiharakishe kulijaza, tuwaulize kwanza watoto limetokeaje.

Hadhari

Kopo lisiwekwe juu ya moto wenyewe. Mpanda, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya nyuzi 100, hivyo nta iliyomo ndani ya maji haiwezi kufikia joto la kushika moto. Ikishika moto, ifunikwe kwa kifuniko au mchanga. Maji yasimwagwe kamwe, kwa sababu huirusha nta iwakayo usoni mwa watoto. Kumimina kufanywe na mwalimu mwenyewe.

Kurudi kwenye swali

Mshumaa uwashwe kwa dakika chache, kisha uzimwe. Njiti ya kiberiti iwakayo isogezwe haraka kwenye moshi mweupe, sentimita moja juu ya utambi. Mwali utaruka na kuushuka moshi hadi kwenye utambi. Hapo wanafunzi wataona kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, na kwamba mshumaa mmoja una yabisi, kimiminika na gesi kwa wakati mmoja. Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alitumia mshumaa katika mihadhara sita kwa vijana wa London majira ya Krismasi ya 1860–61.

Upimaji

Tusimpime mwanafunzi kwa uzuri wa mshumaa wake. Tumtake arudi kwenye jibu lake la ubaoni, aseme kama bado analishikilia, na aeleze kwa nini. Akiweza, mishumaa na iuzwe. Asipoweza, tumemtumikisha bila kumfundisha.