Kutoka Sodo Hadi Kikombe cha Hedhi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubadilisha

Katika maduka mengi, mwanamke anaponunua sodo hufungiwa kwa gazeti kabla ya kukabidhiwa, kana kwamba amenunua kitu kisichofaa kuonekana. Hedhi ni kazi ya kawaida ya mwili, na huja karibu kila mwezi kwa zaidi ya miaka 30 ya maisha ya mwanamke. Kwa familia nyingi za Kaunti ya Kilifi, jambo gumu zaidi si gazeti hilo bali bei ya kilichofungwa ndani yake. Pesa zikikosekana, kuna anayekaa na sodo moja kutwa nzima, kuna anayetumia kitambaa kikuukuu au kipande cha godoro, na kuna msichana anayebaki nyumbani hadi siku zake ziishe.

Kikombe cha hedhi ni njia moja ya kupunguza mzigo huo. Si njia ya kila mtu, na kina masharti yake. Makala haya yanaeleza kinavyofanya kazi, gharama yake, usalama wake na namna ya kukitunza, ili mkazi aamue akiwa na habari kamili.

Kikombe cha hedhi ni nini?

Ni chombo kidogo laini chenye umbo la kengele, ambacho huingizwa ukeni wakati wa hedhi. Tofauti na sodo, kikombe hakifyonzi damu bali huikusanya. Vikombe vingi hubeba kati ya mililita 20 na 30. Kwa kuwa mwanamke wa kawaida hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi nzima, wengi huhitaji kukimwaga mara mbili au tatu tu kwa siku.

Chombo hiki si kipya. Mmarekani Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha hedhi mwaka wa 1937, wakati huo kikitengenezwa kwa mpira. Leo vingi hutengenezwa kwa silikoni ya matibabu, ambayo huvumilia maji yanayochemka. Kikombe kilichotunzwa vizuri kinaweza kutumika hadi miaka 10.

Hesabu ya pesa

Chukulia mwanamke anayetumia pakiti mbili za sodo kila mwezi, kila pakiti ikiwa na sodo 8 na bei yake ikiwa shilingi 75. Kwa mwezi atatumia shilingi 150, na kwa mwaka shilingi 1,800. Kwa miaka 10, hata bei isipopanda, atakuwa ametumia shilingi 18,000 na kutupa sodo 1,920.

Akinunua kikombe cha shilingi 2,000, pesa hizo zitakuwa zimerudi kabla ya mwezi wa 14 kwisha. Bei hutofautiana kutoka duka hadi duka, kwa hivyo kila mtu afanye hesabu kwa bei za kwao. Nyumba yenye mama na mabinti wawili wanaopata hedhi hutumia mara tatu ya kiasi hicho.

Ugumu ni kwamba shilingi 2,000 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Anayeishi kwa kibarua cha kila siku anaweza kupata shilingi 75 leo na asipate 2,000 mwezi mzima. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wanawake huweka akiba ya pamoja katika chama, na kila zamu mwanachama mmoja hununuliwa chake. Kinachochangwa ni pesa tu. Kikombe chenyewe ni cha mtu mmoja, na hakiazimwi hata kati ya mama na mwanawe au ndugu wa toka nitoke.

Taka zinazobaki nyuma

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka wa 2017. Hata hivyo, sodo nyingi za kutupwa zina plastiki ndani yake, na plastiki hiyo haiozi haraka. Ikitupwa katika choo cha shimo, hujaza shimo mapema na kusumbua wakati wa kunyonya. Ikitupwa jaani, mbwa huitawanya. Ikichomwa kwenye moto wa nyumbani, hutoa moshi usiofaa kwa mapafu. Kikombe hakiachi taka ya kila mwezi, na damu yake humwagwa chooni moja kwa moja.

Utafiti unasema nini?

Mwaka wa 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zilizohusisha takriban wanawake na wasichana 3,300. Mapitio hayo yalionyesha kwamba kikombe ni salama, na kuvuja kwake kulikuwa sawa na kwa bidhaa nyingine au pungufu. Takriban watu 7 kati ya 10 waliokijaribu walitaka kuendelea nacho.

Kenya yenyewe imechangia ujuzi huu. Katika Kaunti ya Siaya, watafiti waliwafuatilia wasichana wa miaka 14 hadi 16 katika shule 30 za msingi. Baadhi walipewa vikombe, wengine sodo, na wengine wakaendelea na njia zao za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba waliopewa vikombe au sodo walikuwa na maambukizi machache ya magonjwa ya zinaa kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Hata hivyo, idadi ya walioacha shule haikupungua. Funzo ni kwamba kikombe humsaidia msichana kujisitiri, lakini karo, mimba za mapema na njaa huhitaji dawa nyingine.

Kuchagua kikombe

Kikombe kidogo huwafaa zaidi wasichana na wanawake ambao hawajajifungua. Kikubwa huwafaa waliojifungua kwa njia ya kawaida au wenye damu nyingi. Mnunuzi ahakikishe pakiti inaeleza kwamba ni silikoni ya matibabu, ina jina la mtengenezaji, maelezo ya matumizi na alama ya ubora ya KEBS. Kikombe cha bei ya kutupa chenye harufu kali ya plastiki kiachwe dukani.

Hatua za kukitumia

1. Kabla ya hedhi kuanza, kikombe kichemshwe kwa dakika 5 hadi 10 katika maji mengi yanayokifunika. Kisiachwe kigande chini ya sufuria, kwa maana kitaungua.

2. Mtumiaji anawe mikono kwa sabuni na maji safi, na asuuze sabuni yote.

3. Akikunje kikombe kwa urefu kiwe kama herufi C, achuchumae au aweke mguu mmoja juu ya kigoda, kisha alegeze mwili. Mwili ukikaza, kuingiza huwa kugumu.

4. Akiingize akikielekeza nyuma, upande wa uti wa mgongo, kisha akiachie kifunguke. Apitishe kidole kuzunguka sehemu ya chini. Akihisi mkunjo, akizungushe kidogo hadi kifunguke chote, la sivyo kitavuja.

5. Kila baada ya saa 4 hadi 12, kulingana na wingi wa damu, akitoe. Asivute kile kishikio peke yake. Kwanza abinye sehemu ya chini ya kikombe ili hewa iingie, kisha akishushe taratibu.

6. Amwage damu chooni, asuuze kikombe kwa maji safi na kukirudisha. Maji baridi yatangulie, kwa sababu maji moto huifanya damu ishike na kuacha madoa.

7. Hedhi ikiisha, akichemshe tena, akikaushe na kukiweka katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Kisifungwe ndani ya karatasi ya plastiki, na kisioshwe kwa jiki, dawa kali au sabuni yenye manukato.

Mwezi wa kwanza huwa wa kujifunza. Wengi huzoea baada ya hedhi mbili au tatu, na katika kipindi hicho ni vyema kuvaa sodo au kitambaa safi kama kinga ya ziada. Ni afadhali kuanza siku mtu yuko nyumbani kuliko siku ya safari au ya mtihani.

Maji yakiwa haba

Katika sehemu kavu za kaunti kama Ganze na Magarini, hili ndilo swali la kwanza. Kikombe huhitaji maji machache kuliko vitambaa vinavyofuliwa, yaani ya kunawa mikono, ya kusuuza, na ya kuchemsha mara moja kabla ya hedhi na mara moja baadaye. Lakini maji hayo lazima yawe safi. Maji ya bwawa yachemshwe au yatibiwe kwanza. Msichana anaweza kubeba chupa ndogo ya maji safi kwenda nayo chooni shuleni. Akikosa maji kabisa, akipanguse kikombe kwa karatasi safi ya chooni na kukiosha mara tu atakapopata maji. Mikono nayo lazima iwe safi kabla ya kukigusa.

Kuchemsha huleta swali jingine, hasa katika nyumba yenye jiko moja na watu wengi. Mkebe safi unaotengwa kwa kazi hiyo pekee hutatua ugomvi wa sufuria. Baba na ndugu wa kiume wakielezwa mapema kwamba kuchemsha ni usafi, binti hatalazimika kuficha kikombe chake bila kukichemsha. Kukificha kikiwa kichafu ndiko kunakoleta madhara.

Nani azungumze na mhudumu wa afya kwanza?

Mwanamke aliyewekewa koili anaweza kuivuta bila kukusudia anapotoa kikombe, hivyo apate ushauri kwanza. Aliyejifungua asitumie kikombe kwa damu ya uzazi, bali asubiri uchunguzi wa wiki ya 6. Aliyekeketwa, hasa aliyeshonwa, mwenye kizazi kilichoshuka, au mwenye maambukizi ukeni apimwe kabla ya kuanza.

Dalili za hatari

Kuna ugonjwa adimu sana uitwao mshtuko wa sumu, unaosababishwa na sumu ya bakteria. Mapitio ya mwaka wa 2019 yalipata visa 5 tu vilivyoripotiwa kwa watumiaji wa vikombe, lakini unaweza kuua. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika au kuhara, vipele kama ngozi iliyochomwa na jua, na kizunguzungu au kuzimia. Zikitokea, kikombe kitolewe na mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja, aeleze kwamba alikuwa akikitumia.

Vilevile, anayelazimika kumwaga kikombe kilichojaa kila baada ya saa moja au mbili, au anayepoteza zaidi ya mililita 80 katika hedhi moja, aende kituo cha afya. Damu nyingi kiasi hicho huweza kuleta upungufu wa damu mwilini. Alama za vipimo zilizo kwenye baadhi ya vikombe husaidia kumweleza daktari kiasi hasa, badala ya kusema tu kwamba ni nyingi.

Maswali ya kila mara

Je, kikombe kinaweza kupotelea tumboni? Hapana. Mwisho wa uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kupitisha kikombe. Kikipanda juu, mtumiaji achuchumae, asukume kama anayejisaidia, kisha akifikie kwa vidole. Akishindwa, muuguzi atakitoa kwa dakika chache.

Je, huondoa ubikira? Ubikira ni kutowahi kufanya ngono, na kikombe si ngono. Ni kweli kwamba kizinda, ambacho ni utando mwepesi, kinaweza kutanuka au kuchanika kidogo, kama inavyoweza kutokea katika michezo. Familia inayoona hilo ni tatizo inaweza kumchagulia binti sodo za kitambaa zinazofuliwa. Mzazi na binti wazungumze, na asiwepo wa kulazimishwa.

Je, huzuia mimba au Ukimwi? Hapana. Hakizuii mimba wala ugonjwa wowote wa zinaa, na hutolewa kabla ya tendo la ndoa.

Je, ni lazima kukitoa wakati wa haja? Hapana. Njia ya mkojo na ya haja kubwa ni tofauti na uke.

Haki ya msichana inabaki palepale

Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo mwaka wa 2004. Mwaka wa 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho yanayoitaka serikali kumpa bila malipo sodo za kutosha na zenye ubora kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma. Msichana kutumia kikombe hakumwondoi katika orodha hiyo. Wala hakuondoi haja ya choo chenye mlango unaofungika, maji na sabuni shuleni, kwa maana bila hivyo hata kikombe kizuri hakiwezi kutumika kwa usafi.

Anayetaka kubadilisha anaweza kuanza kwa kumuuliza muuguzi wa zahanati iliyo karibu au mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake. Aulize kuhusu saizi inayomfaa, aeleze kama ana koili au ugonjwa wowote, na aombe kuonyeshwa namna ya kukunja kikombe kabla hajatoa pesa yake dukani.