Usugu Hupita Mkononi na Tumboni

Kwa wagonjwa waliolazwa, ndugu wanaowauguza na wahudumu wa wodini

Wengi tukisikia usugu wa dawa, tunadhani mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa. Mwenye usugu ni bakteria. Tena usugu huo haukai naye peke yake: anaweza kumgawia bakteria wa jamii nyingine, hata kama huyo wa pili hajawahi kukutana na dawa hiyo.

Anamgawiaje? Mbali na vinasaba vyake vikuu, bakteria anaweza kuwa na viduara vidogo vya vinasaba viitwavyo plasmidi. Kiduara kimoja chaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo. Bakteria mwenye nacho hujishikiza kwa jirani yake, hukinakili, kisha humpitishia nakala na yeye kubaki na yake. Sasa sugu ni wawili, na huyo mpya naye anaweza kumpa wa tatu.

Wajapani waliliona hili mapema. Katika miaka ya 1950 walipata wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao wa ugonjwa huo, shigela, walishinda dawa nne kwa pamoja, na katika vinyesi vya wagonjwa haohao mlikuwa na bakteria wengine, E. koli, wenye usugu uleule. Mwaka 1959 watafiti walionyesha kwamba bakteria hao wakichanganywa maabara, usugu huhama.

Ndani ya mtu, uhamisho huu hutokea zaidi utumboni, ambako bakteria wamesongamana. Katika Hospitali ya Ramón y Cajal, Madrid, wagonjwa zaidi ya 9,000 walipimwa kati ya 2014 na 2016, na watafiti wakaifuatilia plasmidi moja inayovunja nguvu za karbapenemu, dawa tunazoziweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Walichokiona kilikuwa safari ya hatua mbili. Mara nyingi aliyetoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine alikuwa bakteria aitwaye klebsiela. Akishaingia utumboni mwa mgonjwa mpya, plasmidi iliweza kuhamia kwa bakteria wenyeji, wakiwemo E. koli. Hapo hata klebsiela akiondoka, usugu umeshapata makao mengine.

Mgonjwa wa namna hiyo anaweza asiwe na homa wala kuharisha. Hatari hujitokeza pale bakteria walewale wanapopenya kusikokuwa kwao: kwenye mkojo kupitia mpira wa mkojo, kwenye kidonda cha upasuaji, au kwenye damu. Ndiyo maana hatutaki wahudumu wasubiri kuona dalili ndipo wanawe mikono.

Antibayotiki zenyewe hufagia uwanja. Huwaua bakteria wasio sugu, hata wale wanaotusaidia, na waliobaki wakajitanua. Daktari akikwambia ugonjwa wako hauhitaji antibayotiki, hajakunyima tiba. Na pale zinapohitajika, kipimo cha kuotesha bakteria kikichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza humsaidia kuchagua dawa inayofaa. Mgonjwa aliyezidiwa, hata hivyo, asicheleweshewe dawa kwa sababu ya kipimo.

Wodini kwetu ndugu ndio wanaoogesha, wanaolisha na wanaobadilisha nguo. Mtu amemsafisha mama yake, halafu kwa moyo mwema kabisa akamwinua bibi wa kitanda cha pili ili anywe uji. Hatumwombi aache wema huo. Tunaomba anawe kwa sabuni na maji tiririka, au apake kitakasa mikono, kabla hajamgusa bibi. Glavu hazimwondolei mtu wajibu huo: glavu iliyovaliwa kitanda cha kwanza ikafika cha tatu ni mkono mchafu tu. Muuguzi akipita bila kunawa, mkumbushe kwa heshima. Una haki hiyo.

Jambo la mwisho hutajwa mara chache. Bakteria sugu huishi kwenye bomba la chini ya sinki, katika utando wa utelezi, na humo pia wanaweza kupeana plasmidi. Chai iliyobaki, uji, maziwa au maji ya dripu yakimwagwa kwenye sinki la kunawia mikono, huwa chakula chao. Maji ya bomba yakipiga kwa nguvu, matone hurukia kilichowekwa pembeni. Mabaki yamwagwe mahali palipotengwa, na vyombo vya mgonjwa visiwekwe kando ya sinki.