Kifaa cha Sauti ya Gitaa: Jaribu Kabla ya Kulipa

Kwaya au bendi ya Tukuyu inayochangishana fedha ili inunue kifaa cha kuchakata sauti ya gitaa la umeme huenda ikalazimika kukifuata Mbeya, mwendo wa takriban kilomita 70, au kukiagiza Dar es Salaam. Kukirudisha ni gharama nyingine. Kwa hiyo tunamshauri mlaji akijaribu kabla ya kulipa, na ajue anachokisikiliza.

Kifaa hiki huja na sauti zilizopangwa kiwandani. Nyingi hutiwa mwangwi na mkwaruzo kwa wingi, hivyo humvutia msikilizaji aliyevaa hedifoni dukani. Katika ukumbi wa kanisa wenye mwangwi wake wenyewe, sauti hizo hizo huweza kuwafunika waimbaji. Wingi wa sauti za kiwandani, basi, si kipimo cha ubora.

Tunapendekeza hatua zifuatazo:

1. Nenda dukani na gitaa lako. Omba kifaa kiunganishwe kwenye amplifaya au miksa inayofanana na yenu.
2. Zima madoido yote, usikilize sauti safi. Ikiwa inakatikakatika, usinunue.
3. Chagua sauti ya kiwandani iliyo karibu na uitakayo, kisha rekebisha jambo moja baada ya jingine: kwanza mkwaruzo, pili besi na trebo, mwisho mwangwi.
4. Rekebisha kwa ukubwa wa sauti mtakaopigia. Sauti inapoongezwa, sikio husikia besi zaidi; iliyopendeza chumbani huweza kuvuma kupita kiasi ukumbini.
5. Ukitumia miksa, washa kiigizo cha spika. Ukitumia amplifaya ya gitaa, kwa kawaida kizimwe.
6. Hifadhi marekebisho katika nafasi tupu, na uandike namba yake daftarini.

Hakiki pia adapta. Umeme wa nyumbani ni volti 230, ilhali vifaa vingi vya aina hii hutumia volti 9. Adapta yenye volti kubwa zaidi, au iliyogeuzwa chanya na hasi, yaweza kukiunguza.

Mwisho, dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kifaa kilichotumika kwa maelezo kuwa ni kipya, tunza risiti hiyo na uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani.