Dondoo muhimu: Pima umeme unaoliwa na prosesa yako

Linux ina draiva iitwayo intel_rapl, inayosoma vihesabio vya nishati vilivyomo ndani ya prosesa nyingi za Intel zilizotoka tangu 2011. Itumie hivi:

• Pata faili. Soma energy_uj ndani ya /sys/class/powercap/intel-rapl:0. Tangu 2020 husomwa na msimamizi wa mfumo pekee, kwa kuwa watafiti walionyesha kwamba takwimu zake zaweza kufichua funguo za siri. Usilegeze ulinzi huo.

• Piga hesabu. Namba hiyo ni maikrojouli, si wati. Isome mara mbili kwa kupishana sekunde 10. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kisha gawanya kwa 10,000,000: utapata wati za wastani.

• Ukipata jibu hasi, kihesabio kimefika kikomo na kuanza upya. Jumlisha thamani iliyo kwenye max_energy_range_uj kabla ya kugawanya.

• Linganisha. Pima kompyuta ikiwa imetulia, kisha programu yako ikifanya kazi. Tofauti ndiyo wati za ziada ambazo programu hiyo inaigharimu prosesa.

• Jua mipaka. Kioo na diski havihesabiwi. Kwa umeme wa mashine nzima, tumia mita ya kuchomeka kwenye soketi.