Kwenda Dukani Ukiwa Ugenini

Tuseme unakwenda Puge kumtembelea shangazi yako. Umetoka Tabora asubuhi kwa basi liendalo Nzega. Puge iko karibu katikati ya safari hiyo. Unashuka, lakini huendi nyumbani moja kwa moja. Mgeni haingii kwa shangazi mikono mitupu. Kwanza unapitia dukani.

Utanunua sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Sukari ina heshima yake. Wazee watakueleza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni viliadimika nchini, na watu walipanga foleni kuvipata. Mgeni aliyeleta mche wa sabuni alipokewa kwa vigelegele. Siku hizi vitu hivyo vipo madukani, lakini heshima ile haikuondoka.

Sasa tazama mizani. Kabla sukari haijawekwa, mshale uko wapi? Unatakiwa uwe kwenye sifuri. Kama sahani ni tupu na mshale unaonyesha gramu 50, basi kila kinapopimwa kitu unakosa gramu 50. Kilo 2 zikipimwa kilo moja moja, umekosa gramu 100. Kama kilo ni shilingi 3,000, umelipa shilingi 300 kwa sukari usiyoipata.

Kusoma mshale si kazi ngumu kwako, maana namba unazijua. Ugumu uko kwingine. Mwenye duka ameshakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Umemjibu. Kumbe anamfahamu shangazi yako, tena ni jirani yake. Je, utamwambia mizani yake ina kasoro?

Mimi niliwahi kunyamaza. Nilikuwa mgeni katika kijiji kimoja, nikauona mshale haupo mahali pake, nikaona haya kusema. Nilipofika nyumbani, mama mwenyeji aliinua mfuko kwa mkono mmoja akasema, "Hizi si kilo mbili." Basi nikaona haya mara ya pili.

Tangu siku hiyo nasema mapema, sahani ikiwa bado tupu: "Kaka, samahani, hebu turudishe mshale kwenye sifuri kwanza." Ukisema hivyo kabla ya kupimiwa, unaomba. Ukisema baada ya kupimiwa, unamshitaki mtu mbele ya wateja wake. Maneno ni yale yale, ila wakati ni tofauti. Tazama pia kama mizani ina stika ya ukaguzi. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani za biashara kila mwaka.

Ugomvi wa vipimo ni wa zamani katika nchi hii ya Unyamwezi. Wakati wa misafara, nguo ilikuwa kama fedha. Ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Bila shaka mnunuzi alipenda apimiwe na mtu mwenye mkono mrefu! Neno doti tunalo hata leo, tununuapo kanga.

Jambo jingine la kuudhi ni chenji. Vitu vyako vimefika shilingi 9,900. Umetoa 10,000. Mwenye duka anakupa pipi mbili. Hukuziomba. Hapo usigombane, wapelekee watoto wa shangazi. Lakini kama chenji ni shilingi 1,000, usikubali pipi. Mwambie akuandikie, nawe usome alichoandika.

Kesho yake asubuhi shangazi anakuita mwende sokoni. Chukua kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mwendo ni mfupi, lakini mtachelewa. "Mwangaluka" huku, "mwangaluka" kule. Kila anayekutana nanyi ataelezwa wewe ni nani na umekuja lini. Usiwe na haraka. Muuza karanga akisikia wewe ni mgeni, huenda akaongeza konzi moja juu ya kipimo. Nyongeza hiyo haina bei.

Shangazi atataka ubebe michembe, matobolwa na asali. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha huanikwa. Kwenye asali uwe macho. Uliza bei ni ya lita au ni ya kilo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwa hiyo chupa ya lita moja ikijaa asali, hiyo si kilo moja.

Halafu mtagombea kulipa. Wewe umetoa noti, naye amefungua pindo la kanga. Muuza asali anawatazama na kucheka. Mwachie shangazi alipe asali. Wewe lipa karanga.

Zoezi

1. Mshale wa sahani tupu unaonyesha gramu 50. Umepimiwa sukari kilo moja, mara tatu. Umekosa gramu ngapi?
2. Asali ni shilingi 10,000 kwa kilo. Utalipa kiasi gani kwa lita moja?
3. Andika maneno utakayomwambia mwenye duka ambaye ni jirani wa shangazi yako.