Chungu cha Mboga Mwaka Mzima: Somo Kutoka Mbulu na Hanang



Somo letu la safari hii si la kupalilia mikarafuu wala la kuanika. Ni somo la chungu cha mboga: namna ya kupika supu ya mboga nyumbani, mvua inyeshe au jua liwake, bila ya kungoja fedha za karafuu.

Huenda mwanachama akauliza, "Mkarafuu na chungu cha mboga, wapi na wapi?" Jibu letu ni hili. Sote twaijua tabia ya mkarafuu. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili yake ukatupa pakacha moja tu. Mwaka wa mazao mengi nyumba hula nyama na samaki wakubwa. Mwaka wa uhaba nyumba ile ile hula wali mtupu, au muhogo na chumvi. Lakini mtoto hakui kwa hesabu ya mkarafuu. Mwili wake wataka mboga mwaka huu na mwaka ujao, na hapana deni analoweza kulilipa baadaye kwa miezi aliyokosa.

Kwa mfano wetu tumechagua nchi ya mbali kidogo, nayo ni wilaya za Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara, Tanzania Bara. Mkoa huo ulikatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Wenyeji wa huko wengi ni Wairaqw, ambao watu wengine huwaita Wambulu, na Wadatoga, ambao ni wafugaji mashuhuri. Ni nchi ya milima. Mlima Hanang peke yake una mita 3,420, na mtu wa pwani akifika Mbulu mwezi wa Julai bila ya koti atajuta.

Sababu ya kuwachagua ni kwamba wao mvua yao ni moja. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaisha mwezi wa Mei. Baada ya hapo hufuata baridi, kisha ukavu na upepo, miezi mitano hivi. Sisi tuna Masika na Vuli, na manyunyu katikati. Basi mwenye mvua moja akiweza kuweka mboga chunguni mwaka mzima, mwenye mvua mbili ana udhuru gani?

1. CHUNGU CHA MVUA

Mvua zikianza ghala huwa zimepungua, na mahindi mapya bado. Miezi hii ndiyo migumu kwa mkulima wa bara. Lakini ndiyo miezi ambayo majani huota kwa wingi: mchicha, mnavu, mgagani, majani ya kunde na majani machanga ya maboga. Mengine hayakupandwa na mtu, huota yenyewe kando ya mahindi. Mke mwenye akili hayang'oi yote kama magugu.

Kwa watu 6 chukua mafungu 2 ya majani, kitunguu 1, nyanya 2, mafuta kijiko 1 kikubwa, maji vikombe 4, na maziwa kikombe 1. Osha majani kwanza, ndipo uyakate. Ukikata kwanza kisha ukaosha, nguvu yake hutoka na maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia maji, yachemke. Tia majani, funika, yapike dakika 5 mpaka 10 tu. Mwisho tia maziwa na chumvi yenye madini joto. Ukitumia mnavu, usitie matunda yake mabichi ya kijani, maana yana sumu. Na kama ni mchungu sana, uchemshe kwanza mbali na umwage yale maji.

Maziwa hayo si ya ladha tu. Majani na maboga yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho, na mwili haukipokei vizuri pasipo mafuta. Mtu wa Hanang ana ng'ombe, basi hutia maziwa au samli. Wengine hutumia mafuta ya alizeti, ambayo hulimwa sana huko. Sisi tuna nazi. Kikombe 1 cha tui zito hufanya kazi ile ile.

2. CHUNGU CHA MAVUNO MABICHI

Kuanzia Machi mpaka Mei shamba la bara hutoa maharagwe mabichi, mahindi mabichi na maboga. Hapo supu huwa nzito na tamu. Chukua boga kipande cha kilo 1, maharagwe mabichi vikombe 2, kitunguu 1, punje 3 za kitunguu thomu na maji lita moja na nusu. Chemsha maharagwe mpaka yalainike, tia boga lililokatwa vipande na vitunguu, lipike mpaka liwe laini. Ponda nusu ya boga kwa mwiko ili mchuzi ushike. Kitunguu thomu cha Mbulu kina sifa sokoni, na wenyewe hawakiuzi chote.

Wanachama wapendao wanaweza kuchomeka karafuu 2 katika kitunguu kizima na kukitia chunguni, kisha kukitoa kabla ya kupakua. Zisizidi 2, maana karafuu ni kali. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba sisi huzituma karafuu zetu ng'ambo kwa majahazi na meli, na katika chungu cha mboga hatukumbuki kutia hata moja.

3. CHUNGU CHA BARIDI

Juni mpaka Agosti ni baridi. Majani ya mvua yamekwisha, lakini maharagwe makavu yamo ghalani, na ziko ngwara, ambazo ni namna ya fiwi. Bustani za bondeni zenye maji hutoa kabichi, karoti na mbatata. Basi chungu cha wakati huo ni maharagwe au ngwara vikombe 2, mbatata 4, karoti 3, robo ya kabichi, na vitunguu. Nafaka hizi za jamii ya kunde hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, na huchemshwa kwa maji mapya kwa moto mkali kwanza, kisha moto wa wastani. Maharagwe mabivu nusu huumiza tumbo, hasa yale mekundu.

Hapa pana jambo la kujua. Kadiri nchi inavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata moto kamili. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Katika vilima vya Mbulu huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwa hivyo maharagwe huko hukawia, na kuni huisha. Ndiyo maana watu wengi wa mikoa ya kaskazini hutia magadi ili yalainike upesi.

Desturi hiyo tusiichukue, na sisi tulio nayo katika kunde na kisamvu tuiache. Magadi huua baadhi ya vitamini. Tena yale yaokotwayo kando ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi yana madini ya floridi mengi mno, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia tangu hayajaota, na yakizidi hudhuru hata mifupa. Kuloweka usiku mmoja hufanya kazi ya magadi, na hakuna gharama.

4. CHUNGU CHA UKAVU

Septemba na Oktoba nchi ya Hanang huwa imekauka, vumbi na upepo. Hapo ndipo ionekanapo tofauti ya nyumba iliyojiwekea na nyumba isiyojiwekea. Iliyojiwekea ina mbaazi kavu, maboga yaliyokomaa yaliyohifadhiwa mahali pakavu, na majani makavu. Ukaushaji wa majani ni ujuzi wa zamani katika nchi kavu za katikati ya Tanzania, na jirani zao wa Singida na Dodoma wajulikana sana kwa mlenda wao mkavu.

Sisi wakulima wa karafuu ni mafundi wa kuanika, lakini tahadhari: jani halianikwi kama karafuu. Karafuu hutakiwa jua kamili juu ya jamvi. Jani likianikwa juani hupoteza ile nguvu ya vitamini A. Fanya hivi:

Kwanza, chuma majani asubuhi, chagua mazima, uyaoshe.
Pili, yatumbukize katika maji yanayochemka dakika 2, uyatoe, yachuje maji.
Tatu, yatandaze mepesi juu ya chekecheke au kitambaa safi, kivulini penye upepo, na kufunika kwa chandarua ili nzi wasitue.
Nne, yageuze mara kwa mara. Jani lililokauka huvunjika likifikichwa, kama vile karafuu kavu ikatikavyo kwa kidole.
Tano, yatie katika kopo lenye kifuniko cha kubana, uliweke mahali pa giza.

Sote twajua kwamba karafuu mbichi zikirundikwa hugeuka mpeta, na bei yake huanguka. Chakula kikirundikwa kibichi hasara yake ni kubwa kuliko bei. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu, ambayo ni sumu ya ukungu usioonekana vizuri kwa macho, yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hivyo majani au kunde zenye ukungu hazioshwi zikapikwa, wala hawapewi kuku. Hutupwa.

Kupika: loweka mikono 2 ya majani makavu nusu saa. Chemsha mbaazi vikombe 2 mpaka ziive, tia majani, kitunguu na thomu, yapike dakika 15, umalizie kwa tui au mafuta. Chungu hiki hakikuhitaji soko.

KALENDA YETU VISIWANI

Sasa tuyalete hayo nyumbani.

Masika, Machi mpaka Mei: ni wakati wa mchicha, matembele na majani ya maboga. Mchicha upandwe juu ya matuta, maana mvua kubwa huuozesha. Huu ndio wakati wa kupanda mbaazi na maboga mipakani mwa shamba.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti: bilingani, bamia, nyanya na mumunye katika bustani ndogo ya kumwagilia kwa maji ya kuogea na kuoshea mchele.

Vuli, mpaka Desemba: mara nyingi ni wakati wa kuchuma, na kina mama wako mashambani tangu alfajiri. Hapo fedha ziko karibu na mboga ziko mbali, na watoto hushindia mkate na chai. Mbaazi zilowekwe usiku, zichemshwe alfajiri, na boga litiwe jioni. Kazi ya jioni haitapita nusu saa.

Kaskazi, Januari na Februari: jua kali na mvua chache. Kisamvu hustahimili, lakini kitwangwe na kuchemshwa sana bila ya kufunikwa, ili sumu yake itoke. Majani ya mwisho wa Vuli yakaushwe mwanzoni mwa Kaskazi.

Mambo mawili ya mwisho. Mtu wa Mbulu aweza kulaza supu yake usiku wa baridi ikaamka salama. Yetu yenye tui, katika joto letu, yafaa iishe siku ile ile. Na ndimu, ambazo kwetu ni nyingi, zikamuliwe sahanini wakati wa kula, maana ndimu huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani na kunde. Chai hufanya kinyume chake. Basi chai ingoje saa moja baada ya chakula, hasa kwa mama mja mzito.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Katika miezi 12 iliyopita, ni miezi mingapi nyumba yako ilinunua mboga zote sokoni? Ilikuwa ni miezi gani?
2. Kwa nini jani huanikwa kivulini na karafuu juani?
3. Ni kitu gani kitumike badala ya magadi?
4. Katika mpaka wa shamba lako mna nafasi ya mashina mangapi ya mbaazi?

Kila tawi lichague nyumba 2 zitakazokausha kopo moja moja la majani Kaskazi hii, na tulifungue pamoja siku ya mkutano wa mwezi wa Machi, tuone kama yamekaa vyema. Litakaloota ukungu nalo liletwe, maana tutajifunza kwalo pia.