Usinunue Ufunguo Mara ya Pili

Wenzangu, laptop yangu iligoma hapa Durban wiki ya kukabidhi kazi. Fundi mmoja akataka nilipie ufunguo mpya wa Windows. Nikamwambia ngoja kwanza.

Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, laptop nyingi huja na ufunguo ndani ya mazabodi. Za Windows 7 umechapwa kwenye stika ya chini. Basi fanya hivi:

1. Hamishia kazi zako kwenye flashi.
2. Weka Windows ile ile iliyokuja nayo: Home kwa Home, Pro kwa Pro.
3. Ikikuuliza ufunguo, andika wa kwenye stika. Kama hakuna stika, ruka.
4. Unganisha intaneti, ijithibitishe.

Ila mazabodi ikibadilishwa, ufunguo huo haufai tena; wala usimgawie rafiki. Mimi sikulipa hata randi moja.